Uzi: Istilahi za historia ya dunia, zipi zina kazi na zipi ni pambo tu

#1 MwalimuWaLanet

Wadau, habari za jioni.

Likizo ikifika simu yangu hujaa swali moja: mwalimu, nataka kuisoma historia ya dunia, nianzie wapi? Wengine ni wanafunzi, wengine ni watu wazima wenye kazi zao hapa Nakuru, wamechoka kusikia majina kwenye habari bila kujua yanatoka wapi. Karibu wote huomba orodha. Ubeberu maana yake hii, ukabaila maana yake ile, wakariri wakalale. Orodha sitoi. Istilahi ya historia kazi yake ni kutenganisha mambo mawili ambayo ukiyachanganya utapotoka. Isiyotenganisha kitu ni pambo.

Basi naleta chache ninazoona zina kazi, na mifano nitaitoa huku kwetu kila inapowezekana, maana historia ya dunia haikupita mbali na hapa. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye pingamizi alete hoja.

Vyanzo. Chanzo asilia ni kile kilichotoka kwenye tukio lenyewe au kwa mtu aliyekuwepo: barua, shajara, risiti ya kodi, picha, kigae cha chungu, wimbo wa vita. Chanzo cha upili ni cha mtu aliyekuja baadaye, akavisoma hivyo, akaandika lake. Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza mtu akidhani kwamba kikiwa asilia basi ni kweli.

Chukueni kifo cha Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905. Aliuawa kwa risasi na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), katika mkutano ulioitishwa kuwa wa mapatano. Meinertzhagen aliandika shajara, na humo ni yeye aliyekuwa ametegewa mtego, akawahi kujiokoa. Wazee wa Nandi wanasimulia kwamba Koitalel, Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao, alikuja kwa amani na akapigwa risasi wakati wa kusalimiana. Mwanafunzi mvivu atasema shajara ni chanzo asilia, masimulizi ni uvumi, mzungu kashinda kesi. Ngojeni kwanza. Shajara hizo zilichapishwa 1957, zaidi ya miaka 50 baada ya tukio, na mwenyewe ndiye aliyezitayarisha. Tena bwana huyu alikuwa na sifa kubwa kama mtaalamu wa ndege, mpaka miaka ya 1990 wenzake walipokagua ndege waliokaushwa aliowaachia makumbusho ya Uingereza. Wakakuta baadhi yao waliibwa kutoka mikusanyo ya watu wengine, na vibandiko vimeandikwa upya, mahali pa uongo, tarehe za uongo. Mtu anayeghushi kibandiko cha ndege mdogo asiye na kesi na mtu yeyote, ataandika nini kuhusu siku aliyomuua kiongozi wa watu na kuitwa mbele ya tume ya uchunguzi?

Kwa hivyo ukishika chanzo chochote uliza nani kaandika, lini, akimwandikia nani, na kingemsaidia au kumharibia nini. Mzee anayesimulia naye muulize hayo hayo. Asisamehewe kwa sababu ni wetu.

Wakati. Hapa napita haraka. Karne ya 19 ni 1801 hadi 1900. Baada ya mwaka 1 KK unakuja 1 BK, hakuna mwaka sifuri, kwa hivyo kutoka 500 KK hadi 500 BK ni miaka 999. Na kalenda haikuwa moja: Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, 1917, yalitokea tarehe 25 Oktoba kwa hesabu ya Warusi, na siku hiyo hiyo walowezi wa Nakuru walikuwa wanaandika 7 Novemba. Urusi ilibadilisha kalenda Februari 1918. Ukikuta tukio moja lina tarehe mbili, usikimbilie kusema mmoja anadanganya.

Sababu na cheche. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, na mwezi mmoja baadaye vita vikaanza. Hiyo ni cheche. Sababu zilikuwa zimerundikana miaka mingi: miungano iliyowafunga wakubwa wa Ulaya katika kambi mbili, mashindano ya manowari kati ya Uingereza na Ujerumani, utaifa katika nchi za Balkani, uroho wa makoloni. Ukitaka kuzitenganisha, liondoe tukio kichwani, kisha uone kama mambo mengine yangebaki yanasukumana vile vile.

Sasa utamu uko hapa. Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka koloni lao la kusini wakaingia Kisii, na Waingereza wakapigana nao hapo. Mkulima wa Gusii Balkani haijui. Sarajevo haimwelezi kwa nini risasi zinalia juu ya shamba lake la wimbi. Kinachoeleza Kisii ni mpaka, na mpaka huo ulichorwa 1886.

Nitaendelea. Karibuni.

#2 Fundi_Kondele

Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni fundi wa magari, shule niliachia kidato cha nne, lakini mambo haya nayapenda sana. Hapo mwisho umeniacha. Mpaka wa 1886? Si tuliambiwa ni Berlin 1884, wazungu wakakaa mezani na rula wakaikata Afrika vipande?

#3 MwalimuWaLanet

Ndugu Fundi, hilo ndilo swali. Mkutano wa Berlin ulianza 15 Novemba 1884 ukaisha 26 Februari 1885. Mwenyeji alikuwa Bismarck, chansela wa Ujerumani, nchi 14 zilihudhuria, Mwafrika hakualikwa hata mmoja. Lakini ramani unayoijua haikuchorwa pale. Walichoandika pale ni kanuni za mchezo: biashara na usafiri wa mito ya Kongo na Niger, na kwamba anayedai pwani awaarifu wenzake na aonyeshe ana mamlaka huko kweli. Mistari yenyewe ilikuja baadaye, wawili wawili. Uingereza na Ujerumani walikubaliana 1886: mstari uanzie mdomo wa mto Umba pwani, uende kaskazini magharibi, uzunguke Kilimanjaro, uishie kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, digrii 1 kusini mwa ikweta. Mwaka 1890 wakauendeleza hadi ng'ambo ya Ziwa. Ukifika Isebania unaukanyaga, na Wakuria wako pande zote mbili.

Faida ya kutenganisha ni kwamba ukisema "Berlin iligawa Afrika", unaacha kuuliza nani hasa alisaini nini kuhusu kijiji chako. Ukisema 1886, unaanza kuuliza.

#4 Chemosi

Chamgei. Asante mwalimu kwa kumtaja Koitalel bila kupunguza. Naongeza tu kwamba vyanzo si karatasi na maneno pekee. Mwaka 2006 fimbo zake zilirudishwa Kenya kutoka Uingereza, zilikuwa zimekaa na familia ya aliyemuua. Fimbo hazisemi nani alianza, lakini zinathibitisha nani aliondoka na vitu vya nani.

Pia upinzani wa Nandi ulikuwa wa miaka 10 na zaidi, 1895 hadi 1905. Waya za telegrafu zilikatwa zikafanywa mapambo, chuma cha reli kikafanywa silaha. Watu wanapenda kucheka hapo. Mimi naona ni watu walioelewa haraka kwamba waya na reli ndizo mishipa ya adui.

#5 Mwana_wa_Mumias

Mulembe wote. Naomba niseme kitu kinachonikera kwa muda mrefu. Katika mada ya ukoloni watoto wanafundishwa vikapu viwili: jamii zilizopinga na jamii zilizoshirikiana. Wanandi kikapu cha kwanza, sisi Wawanga cha pili. Mtoto anatoka shule anakuja kuniuliza kama babu zake walikuwa vibaraka. Nabongo Mumia alikuwa na ufalme, alikuwa na majirani waliokuwa wanamshambulia, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekaa kwake miaka kabla ya Mwingereza kufika. Alimtumia Mwingereza kama alivyowatumia hao wengine.

#6 Omukhana_Bungoma

Mwana wa Mumias, mimi nakuheshimu lakini usitupake asali. Mwaka 1895 pale Chetambe, karibu na Webuye ya leo, Babukusu walikufa ndani ya ngome yao. Waingereza walikuja na askari wa Kisudani na wasaidizi wa Kiganda na wa Kiwanga. Hao wa mwisho ndio unaotaka tuwaite wajanja wa siasa?

#7 Mwana_wa_Mumias

Dada, sikatai Chetambe. Nauliza, kabla ya hapo Babukusu na Wanga walikuwa ndugu wa kushirikiana? Vita vyetu vilikuwa na umri.

#8 Chemosi

Kwa hivyo mtu akiwa na ugomvi na jirani anaruhusiwa kumwita jambazi amsaidie? Mumia alitawazwa chifu mkuu na Waingereza 1909. Koitalel alikuwa kaburini miaka minne. Vikapu viwili viko sawa kabisa kwangu.

#9 MwalimuWaLanet

Pole pole wazee. Na dada. Ugomvi huu unatupa istilahi mbili, tena ngumu kuliko zote nilizotaja.

Ya kwanza ni taifa. Usaliti unahitaji kitu cha kusalitiwa. Mwaka 1895 Kenya haikuwepo. Kulikuwa na Wanga, Nandi, Bukusu, Ugenya, kila mmoja na mipaka yake, marafiki wake na maadui wake. Mumia alitazama dunia kutoka ikulu yake ya Elureko, na kutoka pale Mwingereza alikuwa mgeni mmoja zaidi mwenye bunduki. Kumwita msaliti wa Kenya ni kumdai deni la nchi ambayo haikuwa imezaliwa. Lakini Chemosi, kisu hiki kinakata pande zote mbili: Koitalel naye hakufa akiipigania Kenya. Alikufa akiipigania Nandi. Tulimfanya shujaa wa taifa baadaye, na kufanya hivyo ni haki yetu, ila hilo ni tendo la wakati wetu, si la 1905.

Ya pili sina neno moja fupi la kuiita, ni ile tabia ya kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hangeweza kulijua. Mumia hakujua mgeni huyo hangeondoka. Sisi tunajua mwisho wa hadithi, yeye hakuujua. Ukiandika insha, jaribu kuandika mwaka 1895 kana kwamba 1896 haijafika. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani.

Na hivyo vikapu viwili mimi mwenyewe sivipendi. Vinapanga watu kwa jinsi walivyomkabili mzungu, kana kwamba hawakuwa na shughuli nyingine. Pande zote ulimwenguni zina watu kama Mumia. Watlaxcala wa Mexico waliungana na Mhispania Hernán Cortés dhidi ya Waazteki, na Tenochtitlan ukaanguka 1521. Wangekuwa hapa wangesema maneno yale yale ya Mwana wa Mumias.

#10 Chemosi

Mwalimu, hapo kwa Koitalel sikubaliani na wewe, na sitakubaliana. Lakini endelea.

#11 Nyar_Siaya

Niruhusuni nibadilishe hewa kidogo kabla hamjachomana.

Ninafanya kazi karibu na mambo ya kale, na kinachonifurahisha ni majina. Wanaakiolojia huita utamaduni fulani kwa jina la mahali ulipotambuliwa mara ya kwanza. Nendeni Kariandusi, hapo karibu na Gilgil, kwenye kaunti ya mwalimu. Mtaona shoka za mawe za mkononi, zimechongwa pande mbili hadi zikawa na umbo la tone la maji, nyingine za obsidia nyeusi inayong'aa kama chupa. Ni za mamia ya maelfu ya miaka. Louis Leakey alipagundua mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini mtindo wake unaitwa wa Ashuli, kwa sababu zilianza kupewa jina kule Saint-Acheul, Ufaransa. Shoka za Afrika ni za kale kuliko zile za Ufaransa kwa mbali sana, na bado zinabeba jina la kitongoji cha Ufaransa.

Sasa njooni kwetu Siaya. Kuna mahali panaitwa Urewe. Vyungu vya pale vina kishimo kidogo chini kwenye kitako, kama mtu amebonyeza kidole udongo ukiwa mbichi, na mistari iliyochorwa shingoni. Archidikoni Owen na akina Leakey waliviandika 1948. Leo mwanaakiolojia akichimba Rwanda, Burundi, Uganda au upande wa Bukoba akakuta chungu cha namna hiyo, anasema: hiki ni Urewe. Ni vyungu vya Zama za Chuma za mwanzo, vya zamani zaidi vinaenda hadi karne kadhaa kabla ya Kristo, na wataalamu wengi huvihusisha na kuenea kwa watu waliosema lugha za Kibantu. Kijiji cha Siaya kimekuwa istilahi ya dunia na watu wa Siaya wengi hawana habari.

Ninachotaka kusema kuhusu Zama za Mawe, za Shaba, za Chuma: mpangilio huo ulitungwa Denmaki katika karne ya 19 kupanga vitu vya makumbusho. Kwa Ulaya unakwenda sawa. Huku kwetu hakuna zama za shaba katikati, watu walitoka kwenye jiwe wakaingia kwenye chuma. Mtoto akifundishwa kwamba lazima upite hatua tatu, atadhani Siaya iliruka darasa.

#12 MwalimuWaLanet

Nyar Siaya umemaliza. Na "Zama za Kati" ni vivyo hivyo. Katikati ya nini? Katikati ya kuanguka kwa Roma ya magharibi, 476, na wakati Wazungu walipojiona wameamka tena. Ndani ya miaka hiyo hiyo Baghdad ilijengwa, 762, ikawa mji wa wasomi. Mansa Musa wa Mali alienda kuhiji 1324 na dhahabu iliyoacha gumzo Cairo. Kilwa ilikuwa inajenga msikiti wa mawe. Hawakuwa katikati ya chochote. Mgawanyo wa vipindi ni chombo cha mwandishi, na ukiutumia sema ni wa nchi gani.

#13 Omukhana_Bungoma

Kuhusu vipindi na mimi nina la kusema, kwa sababu kwetu wakati huhesabiwa kwa marika.

Babukusu hutahiri mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti, na kila rika lina jina. Majina yako manane na yanazunguka: likipita la mwisho linarudi la kwanza, baada ya karibu karne moja. Nikisema babu wa babu yangu alikuwa Maina, mzee anayejua mzunguko atakwambia takriban ni lini bila kalenda ya ukutani. Basi sikilizeni majina: Maina, Chuma, Sawa, Kikwameti, Nyange. Chemosi, unasikia?

#14 Chemosi

Nasikia vizuri sana. Kwetu ni Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Nyongi. 😄

#15 Omukhana_Bungoma

Ndiyo hivyo. Sisi lugha yetu ni ya Kibantu, yao ni ya Kiniloti, hazihusiani hata kidogo, lakini marika yana majina yale yale. Hakuna mwandishi aliyekuwepo kuandika siku tulipokutana. Majina yenyewe ndiyo hati. Watu hawaazimani mpango wa kutahiri na kuhesabu miaka kwa kuonana sokoni mara mbili, ni lazima waliishi pamoja, wakaoana, wakapigana, wakapatana, vizazi na vizazi.

#16 MwalimuWaLanet

Hii nitaiiba niipeleke darasani. Ila ongezeni tahadhari moja: kufanana kunatuambia walikutana, hakutuambii peke yake nani alimwazima nani. Hapo unaita shahidi mwingine, kwa mfano isimu, uone jina lina mzizi katika lugha ipi na ni lipi halina. Vyanzo viwili visivyojuana vikisema jambo moja, ndipo unapumua. Hivyo ndivyo marehemu Profesa Bethwell Ogot wa Gem alivyofanya kazi alipokusanya mapokeo ya Wajaluo katika enzi ambayo vyuo vikuu vya Ulaya vilikuwa na watu wakubwa waliosema Afrika haina historia kwa sababu haina maandishi. Alilinganisha nasaba za koo mbalimbali, akahesabu vizazi, akaangalia zinapogongana na zinapoafikiana. Baadaye UNESCO ilimpa kuhariri buku la tano la historia kuu ya Afrika.

#17 Bodaboda_Mkuu

Niko hapa nasoma kimya na sahani ya obusuma, ugali wetu. Mwalimu tupe basi ile ya ubeberu na ukoloni maana mimi naona ni kitu kimoja kimebadilisha shati.

#18 MwalimuWaLanet

Haya. Ubeberu ni nchi kuwa na mkono juu ya nchi nyingine, kwa bunduki, kwa mkopo, kwa mkataba, kwa njia yoyote. Ukoloni ni pale mkono huo unapokaa na kutawala moja kwa moja. Kwa hivyo ubeberu unaweza kuwepo bila koloni. China haikuwa koloni la Uingereza, lakini baada ya Vita vya Kasumba (afyuni), 1839 hadi 1842, ililazimishwa kufungua bandari zake na kuiachia Hong Kong. Hapa kwetu ulikuja kwa ngazi: kampuni ya biashara ya Waingereza, IBEA, ikapewa hati ya kifalme 1888, ikashindwa kifedha, serikali ya Uingereza ikatangaza nchi lindwa 1895, na koloni likaitwa Kenya 1920. Ukisoma barua ya 1890 inayosema "Kampuni", hao ni wafanyabiashara wenye bunduki, bado si serikali.

Ndani ya ukoloni kuna ulowezi, na hapa Nakuru tunajua uchungu wake. Mlowezi haji kutoza kodi arudi kwao, anakuja kukaa na anataka ardhi yenyewe. Lord Delamere alipata ardhi yake Njoro 1903. Ukienda Nyanza wakati huo huo walowezi ni wachache, mkoloni huko anataka kodi, pamba na vibarua. Kwa hivyo "ukoloni wa Kenya" ulikuwa angalau wa aina mbili ndani ya safari ya treni ya siku moja. Algeria na Australia zinafanana na Njoro, Uganda inafanana zaidi na Nyanza.

Kisha kuna ile hadithi ya "tulikuta nchi tupu". Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno wa Wamaasai, ndui na njaa vikafuata. Mlowezi aliyefika baada ya hapo aliona nyasi bila mifugo akaandika nchi tupu. Mwaka 1904 mkataba ukawahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa. Chanzo asilia kinasema tupu, na mwandishi huenda hakudanganya kuhusu alichokiona. Aliona picha ya siku moja akaiita hali ya siku zote.

Na hiyo obusuma yako, ni ya unga gani?

#19 Bodaboda_Mkuu

Mahindi. Kwani kuna nyingine?

#20 Nyar_Siaya

😂 Kuna ya wimbi na mtama, hiyo ndiyo ya nyanya zako. Mahindi ni ya Mexico. Yeye, muhogo, viazi vitamu, njugu karanga, nyanya na pilipili wote ni wa bara la Amerika, na hakuna hata mmoja aliyevuka Atlantiki kabla ya 1492. Wareno wakayaleta pwani za Afrika, na huku ndani mahindi meupe yakatawala sahani wakati wa ukoloni. Hicho wanahistoria wanakiita Mabadilishano ya Kolumbasi: mimea, wanyama na magonjwa kuvuka Atlantiki pande zote mbili. Wao walitupa mahindi, wakapata ndui na surua kutoka ng'ambo, na wenyeji wa Amerika wakafa kwa mamilioni. Kwa hivyo neno "mabadilishano" linasikika tamu kuliko lilivyokuwa.

#21 Bodaboda_Mkuu

Sasa mmeniharibia chakula. Naendelea kula lakini kwa mashaka.

#22 Mtahiniwa_Njoro

Samahani mwalimu, mimi ni mwanafunzi. Mapinduzi ya Ufaransa, Mapinduzi ya Viwanda, na lile jaribio la mapinduzi la 1982 hapa kwetu. Yote mapinduzi. Mtihani ukiuliza sifa za mapinduzi naandika zipi?

#23 MwalimuWaLanet

Mwanangu, jiulize ni nini kilipinduliwa. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walitaka kubadilisha aliyekaa kwenye kiti. Wangefaulu, shamba lingebaki la mwenye shamba. Ufaransa 1789 ni kiti na sakafu pamoja: haki za kikabaila zilifutwa Agosti mwaka huo huo, na mfalme akauawa 1793. Viwanda ni jambo la tatu, halina siku wala jemadari. Lilianza Uingereza katika karne ya 18, kwa makaa ya mawe, pamba na injini ya mvuke, likachukua vizazi.

Lakini usome Haiti, maana huko ndiko mapinduzi ya Ufaransa yalipopimwa. Ufaransa ilitangaza kwamba watu wote huzaliwa huru, huku utajiri wake ukitoka kwenye sukari ya watumwa wa Saint-Domingue. Watumwa wakainuka Agosti 1791. Paris ikafuta utumwa 1794 kwa sababu wenyewe walikuwa wameshaufuta kwa panga. Napoleon akaamua kuurudisha 1802, akatuma jeshi, likashindwa. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa huru. Mtahini akikuuliza mapinduzi yaliyobadilisha jamii kutoka juu hadi chini, anza na hayo, utamfurahisha.

#24 Fundi_Kondele

Mwalimu nina la mwisho halafu nirudi chini ya gari. Mzee mmoja wa mtaa ana barua ya babu yake aliyefanya kazi relini, imeandikwa Port Florence 1901, na juu imeandikwa Uganda. Watu wanambishia kwamba ni feki kwa sababu Kisumu iko Kenya. Ni feki?

#25 MwalimuWaLanet

Hiyo anwani peke yake haiifanyi feki, kinyume chake. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi. Wakati huo Kisumu ilikuwa Uganda. Hata hapa Nakuru palikuwa Uganda. Jimbo lote la mashariki la Uganda lilihamishiwa upande wetu 1902. Mtu anayeghushi leo angeandika Kisumu, Kenya.

Mwambie mzee asiiweke kwenye plastiki ya kubana, aiweke ndani ya bahasha ya karatasi, pakavu, mbali na jua. Apige picha pande zote mbili, hata upande usio na maandishi, kwa sababu mihuri na alama za maji hukaa huko. Kisha aende Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, wana kituo Kisumu. Akitafuta mambo ya kabla ya 1902 asishangae faili za Kenya zikiwa tupu: wakati huo taarifa za Kisumu zilikuwa zinaelekezwa Entebbe, kwenye makao ya utawala wa Uganda. Na tarehe ya barua ni mwezi gani? Kama ni kabla ya Desemba, nataka kujua babu alikuwa anafanya nini huko kabla treni haijafika.

#26 Fundi_Kondele

Imeandikwa Agosti. Naenda kumuuliza sasa hivi.